Mwaka Posho Alipoingia Ndani

Siku ya tano ya kilio cha mdogo wangu Monga, mwanamke mmoja alifika mbele ya nyumba yetu hapa Kapata, akasimama barabarani na begi mkononi, asiingie wala asiondoke. Wanawake waliokuwa wakisonga bukari uani walimtazama wakadhani amepotea, maana nyumba za kampuni ya shaba zinafanana zote, na hata leo, baada ya miaka ya kupakwa rangi hii na ile, mgeni huhesabu milango kabla ya kubisha. Mimi nilimtambua kwa jinsi alivyoshika shingo yake kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayetafuta mkufu uliopotea. Alikuwa Ngalula. Mara ya mwisho kumwona tulikuwa na miaka kumi na minne, yeye na mimi, na alikuwa amekaa juu ya magodoro ndani ya mkokoteni. Nilikwenda nikamshika mkono, nikamwingiza sebuleni ambako tulikuwa tumeondoa viti na kutandika mikeka kwa ajili ya waombolezaji. Alilia sana. Alipomaliza aliletewa maji ya kunawa, akala matonge mawili ya bukari na maharage, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo: “Ngoie, na Posho ye alikufiaka wapi?” Ningependa kusema kwamba moyo wangu ulijaa furaha ya kumpata rafiki. Kabla ya furaha kulikuja kitu kingine, kitu ninachokijua kama ninavyoijua sura yangu kwenye kioo. Nilikuwa na wajukuu wawili, dada yangu alikuwa kaburini, na bado niliona wivu: Ngalula alikuwa amesafiri siku nne kumlilia Monga.

Niwaeleze polepole, maana wengi mnaosoma hamkuwepo, na ninyi vijana mliozaliwa hapa mnasikia tu wazee wakisema “mwaka ule wa kufukuzana” kisha wanabadilisha mazungumzo. Posho alikuwa mbwa. Jina lake lilitokana na mgao wa unga ambao kampuni iliwapa wafanyakazi wake, kwa sababu Tata Mukendi, baba yake Ngalula, alimwokota akiwa mdogo kama kiatu kwenye foleni ya posho, akarudi nyumbani na mfuko wa unga begani na mbwa mfukoni. Familia ya Tata Mukendi ilikaa mlango wa tatu kutoka kwetu. Babu zao walikuwa wameletwa kutoka Kasai kuchimba shaba, na wao wenyewe walizaliwa hapa, wakabatizwa hapa, wakajifunza kutembea kwenye vumbi hilihili jekundu. Posho alikuwa wa rangi ya kahawia, sikio moja limesimama na lingine limelala, na alikuwa na tabia moja iliyomfanya ajulikane Kapata nzima. Kila siku saa nane mchana king'ora cha kampuni kilipolia kutangaza mwisho wa zamu ya asubuhi, Posho alikaa kwenye baraza lao, akanyanyua shingo na kulia pamoja nacho mpaka mwisho, kwa sababu baada ya king'ora Tata Mukendi hutokea kwenye kona na baiskeli yake. Watu walicheka wakasema huyo naye aandikwe kazini.

Mwaka ule kazi yenyewe ilikuwa ikifa. Mashine zilisimama kwa kukosa vipuri, mishahara ilichelewa mpaka ikasahaulika, sombe, majani ya muhogo, ikawa chakula cha asubuhi na jioni. King'ora ndicho kilichoendelea kulia kwa wakati wake kana kwamba hakuna aliyekiambia. Halafu maneno juu ya watu wa Kasai yakaanza, kwenye redio, kwenye mikutano, kwenye foleni ya maji: hawa wametukalia, hawa warudi kwao. Sitayaandika yote. Nitaandika moja tu linalonihusu. Darasani mimi na Ngalula tulikaa dawati moja tangu tukiwa wadogo, yeye upande wa dirisha. Jumatatu moja wanafunzi waliokaa karibu naye walihama, mmoja mmoja, wakicheka. Hakuna aliyenilazimisha. Nilichukua daftari zangu nikaenda kukaa nyuma. Ngalula hakugeuka. Aliweka mfuko wake pale nilipokuwa nakaa, akaandika somo.

Wiki mbili baadaye waliondoka. Vijana wa mtaa walikuwa wamepita mlango kwa mlango wakiwapa siku ya mwisho, na familia zote za Kasai zilikuwa zikielekea stesheni kungoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Tata Mukendi alifunga magodoro kwenye mkokoteni. Mama Ngalula alifagia nyumba, na mpaka leo sijaelewa kwa nini mtu afagie nyumba anayonyang'anywa, ila najua kwamba ningefanya hivyohivyo. Mbwa hangeweza kupanda behewa lililojaa watu. Tulikuwa tumesimama nje, Tata wangu, Mama, mimi na Monga, ambaye alikuwa na miaka kumi na miwili na magoti yenye makovu. Ngalula alikuja na Posho kwenye kamba. Nilinyoosha mkono. Namwona bado jinsi alivyonipita, taratibu, kama mtu anavyopita kiti, akampa Monga kamba. Aliinama akamnong'oneza maneno matatu ya Kiluba cha Kasai, kwa sababu nyumbani kwao walisema na mbwa kwa lugha hiyo na Posho hakujua nyingine. *Luaku*, njoo. *Shikama*, kaa. *Puwa*, nyamaza. Monga aliyarudia midomo ikitikisika kama mtu anayekariri katekisimu. Mimi niliyasikia yote matatu, nikajifanya natazama mkokoteni.

Sasa, kwetu mbwa ni wa nje. Lazima mlielewe hilo ndipo muelewe ukubwa wa jambo. Mbwa analinda ua, anakula yaliyobaki, mvua ikinyesha anajibanza chini ya paa la jikoni, na akivuka kizingiti anapigwa ufagio. Mama yangu zaidi ya wote. Sakafu yetu ya saruji aliipaka nta nyekundu kila Jumamosi, akapiga magoti na kuisugua kwa kitambaa mpaka ukaona meno yako. Kwa hiyo siku mbili za kwanza Posho alifungwa nyuma ya jikoni. Siku ya tatu alitafuna kamba, na king'ora kilipolia saa nane alikuwa kwenye baraza lake la zamani. Ndani ya nyumba ile alikuwa ameshaingia kijana mmoja, Deo, kiongozi wa vijana wa mtaa, aliyevaa suruali ya Tata Mukendi ikiwa imekunjwa mara mbili chini. Posho alimwonyesha meno. Deo alirusha tofali, likamkosa, na vijana wenzake wakacheka.

“Imbwa yabo imekosa tiketi!” mmoja akapiga kelele.

“Nitamupa tiketi mi mwenyewe,” Deo akasema. “Kesho akikuya tena hapa, mutakula nyama.” Na hakuwa akitania, njaa ilikuwa imefika mahali ambapo maneno kama hayo hayachekeshi.

Tata alimrudisha Posho akamvuta mpaka mlangoni, akasimama, akamtazama Mama. “Ngozi yake inajulikana Kapata yote,” alisema. “Tukimuacha inje, wiki haiishe.”

“Mu salon yangu?” Mama akauliza. “Tata Ngoie, mu salon?”

“Kwa shemeji yako wa Sandoa kuko nafasi, na kule hakuna mutu anamujua. Lori ya kuleta unga itaenda kisha wiki tatu. Wiki tatu tu, Mama.”

Mama alitazama sakafu ya sebule yake kama mtu anayeaga. Kisha alisema: “Akikojoa, ni we utapaka nta.” Tata akachukua koleo yake ya karakana, akamshika Posho katikati ya magoti palepale kizingitini na kumkata kucha huku akikwaruza saruji, na Posho akaingizwa ndani ya nyumba kwa mara ya kwanza maishani mwake, akitetemeka, akiteleza kwenye ule wekundu mpaka akagonga kabati.

Kama umewahi kumwingiza ndani mbwa aliyezoea uwanja unajua kwamba kufunga mlango ndiyo sehemu rahisi. Kazi ni kumfundisha kwamba ukuta si adui. Monga aligundua mambo hayo bila kufundishwa na mtu, na nakiri hapa kwamba yalikuwa mazuri. Alitandika gunia la unga nyuma ya kabati, mahali pa giza, akaliacha bila kulifua ili linuke kitu anachokijua. Alimpa chakula pale tu, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Alfajiri, kabla ya watu kwenda kuchota maji, alimtoa nyuma ya jikoni kwa kamba fupi, akamrudisha. Na saa nane kasoro dakika chache, kila siku, aliacha chochote alichokuwa akifanya, akaketi sakafuni, akakiweka kichwa cha Posho mapajani mwake na kumshika mdomo kwa viganja vyote viwili. King'ora kilianza. Mwili wote wa mbwa ulijaa ule mlio, ukauona ukipanda kutoka tumboni mpaka kooni, na Monga akimwinamia sikioni: “Puwa, puwa, puwa.” Ulitoka mdogo, kama mlango unaohitaji mafuta. Nje hakuna aliyesikia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la chumba chetu, nikisikia vizuri sana.

Wivu, kwa uzoefu wangu, haupendi mambo makubwa. Mimi nilikuwa mtoto wa kwanza. Mimi ndiye niliyepika bukari, niliyejua kuandika barua za Tata. Hakuna aliyeninyang'anya lolote kati ya hayo. Lakini Mama, ambaye hakuwahi kutusifu, alianza kumbakizia Posho makoko ya sufuria na kumpa Monga ayapeleke, akisema huku amegeuka: “Ule mutoto iko na mikono.” Iko na mikono! Nilitazama yangu. Tata akirudi kutoka kutafuta kazi ndogo ndogo alimuuliza Monga kwanza: “Mugonjwa wetu amelala? Amekula?” Wakaongea wao wawili, chini chini, kama wauguzi. Siku moja nilificha vichwa viwili vya dagaa kutoka kwenye sahani yangu, na mkijua jinsi dagaa walivyokuwa adimu mtaelewa kwamba hiyo ilikuwa sadaka. Nilikwenda nyuma ya kabati wakati Monga yuko bombani. Posho alivichukua kwenye kiganja changu kwa adabu, akavitafuna, akaniramba kidole kimoja. Kisha alinipita, akaenda kulala mlangoni, pua kwenye ufa wa chini, akimngoja Monga. Alinipita taratibu, kama kiti. Siku ile nilielewa kwamba sikuwa namwonea wivu mbwa, wala Monga hasa. Kamba ile niliyonyimwa ilikuwa dawati nililolihama, na kila nilipomwona Monga akiishika niliona kitu ambacho ningekuwa nacho kama ningebaki nimekaa.

Wiki ya tatu, Jumatano, tukiwa tunakula, Tata alisema lori litaondoka Jumamosi, na kwamba Monga ndiye atakayempeleka Posho Sandoa. “Anamusikia ye tu. Atabakia kule mpaka masomo ifunguliwe.” Sandoa! Tangu nina miaka minane nilikuwa nikiomba kwenda kule kwa shangazi yangu, dada yake Tata, kula mihogo mibichi na kuoga mtoni. Nilisema: “Ni mi mukubwa.” Tata akanijibu kwa upole, na upole ndio ulionichoma: “Ni kweli, Ngoie. Lakini imbwa haijui mukubwa.” Monga alicheka, si kwa ubaya. Alikuwa na miaka kumi na miwili na anakwenda Sandoa, kwa nini asicheke?

Alhamisi Mama alikuwa sokoni, Tata hayupo, na foleni ya maji ilikuwa ndefu. Monga alichukua beseni lake mapema. “Yaya,” aliniambia kwenye kizingiti, kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu, “nikichelewa, mushike saa nane. Mikono mbili, hivi. Umuambie puwa.” Akafunga mlango na kusukuma komeo kwa nje, maana mpini wake ulitokeza pande zote mbili; nililisikia likigonga. Nilisimama peke yangu na Posho. Nilikwenda mlangoni nikalivuta komeo taratibu, nikaurudisha mlango bila kulifunga, nikarudi nyuma ya pazia. Sikusema moyoni “na afe”. Nataka kuwa mkweli bila kujipamba upande wowote. Nilichosema ni: tuone kama kweli anamsikia yeye tu.

King'ora kikalia. Posho aliinuka, akaweka pua kwenye mlango, mlango ukafunguka, na akaenda. Nilipofika nje alikuwa ameshakaa kwenye baraza la kwao, shingo juu, analia kwa sauti ya wiki tatu nzima. Milango yote ya mstari ule ilifunguka. Deo alitoka akitafuna kitu, akashuka ngazi taratibu na kuokota jiwe, na wenzake wanne wakatoka nyuma yake na fimbo. Niliita: “Posho! Kuya! Kuya hapa!” Hakugeuza hata sikio. Aliendelea kutazama kona ambako baiskeli ingetokea.

“Muangalie, anangojea shefu wake,” Deo akasema, akimaanisha Tata Mukendi, na wakacheka.

Neno nilikuwa nalo. Nilikuwa nalo kwenye ulimi, *luaku*, nimelisikia mara mia kupitia pazia. Lakini kulisema kwa sauti pale barabarani, mwaka ule, lugha ile, mbele ya watu wale waliosimama milangoni! Watu walikuwa wamepigwa kwa salamu moja tu iliyowaponyoka. Nilifungua mdomo nikaufunga. Jiwe la kwanza lilimpata Posho mguuni, akalia, akajikunja, na bado hakuondoka barazani.

Ndipo nikasikia beseni likianguka nyuma yangu, maji yote ya foleni ya saa mbili nzima yakamwagika kwenye vumbi. “Luaku!” Monga alipiga kelele. “Luaku, Posho! Luaku, luaku!” Sauti nyembamba ya mtoto, lakini kila mtu aliisikia. Posho aligeuka na kukimbia kwa miguu mitatu moja kwa moja kwake. Monga alipiga magoti akamkumbatia kichwa, na jiwe la pili, lililorushwa kwa mbwa, likampata yeye kwenye sikio la kushoto.

Damu ilipoonekana vijana walitawanyika. Alikuwa mtoto wa mtaa, mtoto wao. Deo alibaki amesimama, akasema, “Mi sikumutupia ye,” mara mbili tatu, ingawa hakuna aliyemuuliza. Mama alipofika alimbeba Monga ndani na mbwa akawafuata, na damu ya wote wawili ikawa juu ya nta nyekundu, huwezi kutofautisha. “Nani amefungua mulango?” Tata aliuliza jioni. Nilisema upepo. Monga alikuwa amelazwa, kitambaa kichwani, na alinitazama. Yeye ndiye aliyelisukuma komeo. “Ni upepo,” alisema.

Hakuweza kusafiri na sikio lililovimba vile. Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda Sandoa mimi, juu ya magunia matupu, na Posho miguuni mwangu. Ijumaa nzima Monga alinifundisha maneno matatu, akinisahihisha kama mwalimu: usiseme kwa hasira, yaya, useme kama unamuita mutu kula. Nilipata safari niliyoitamani, nikaoga mtoni, nikala mihogo mibichi, na sikumbuki ladha yake. Shangazi alisema mbwa kwake ni wa nje, lakini mvua ya kwanza iliponyesha Posho alisukuma mlango kwa pua akaingia, akatafuta nyuma ya kabati, na hakuna aliyemtoa. Aliishi kule miaka sita. Monga hakusikia tena kwa sikio lile maisha yake yote. Alizoea kukaa upande wangu wa kushoto, ili sikio lake zima liwe karibu nami, na kila alipohama kiti kwa ajili hiyo nilikuwa nakumbuka dawati, na komeo.

Nilimweleza Ngalula hayo yote juu ya mkeka, mpaka kwenye miaka sita. Nilimweleza habari ya mlango pia. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, si mume wangu, si padri. Alisikiliza, kisha akafungua begi lake na kutoa karatasi iliyokunjwa mpaka mikunjo imechakaa. “Monga alikuwaka ananiandikia,” alisema. “Alipata adresi yetu kwa mapadri. Ya kwanza ni hii.” Miaka yote hiyo barua, na mimi sikujua hata moja, mnaona jinsi kidonda kilivyo na mizizi. Nilisoma. Ilikuwa Kiswahili cha kwetu, habari za Mama, za nta, za kucha zilizokatwa kwa koleo. Katikati kulikuwa na mstari mmoja wa Kifaransa, kwa herufi nzuri kupita nyingine, ukisema kwamba Ngoie ndiye aliyemwita Posho barabarani, kwa lugha ya kina Ngalula, mbele ya watu wote.

“Si kweli,” nikasema.

“Najua. Najua tangu ile siku niliisoma.” Ngalula alicheka kidogo, pua ikiwa bado imeziba kwa machozi. “Monga hakuwezaka kudanganya mu Kiswahili. Alienda kutafuta Kifaransa, maskini, kama mutu anavaa kanzu ya batu. Nikasema, huyu anataka nimusamehe yaya yake. Basi nikakusamehe. Si ni barua imeniomba?”

Watu huniuliza, hasa wasichana ninaowafundisha kushona, kama wivu huisha. Huwa nawaambia usijichukie kwa kuuhisi. Angalia tu mkono wako uko wapi wakati unauhisi. Siwaambii zaidi. Jioni ile nilimwonea Monga wivu kwa mara ya mwisho, au labda si ya mwisho, kwa kuwa alikuwa amenipa kitu ambacho mimi nisingeweza kumpa yeyote, na akakaa kimya miaka thelathini upande wangu wa kushoto. Waombolezaji walianza kuondoka. Ngalula akauliza Posho aliingilia wapi siku ile ya kwanza, nami nikasogeza ukingo wa mkeka. Monga hakuwahi kuhama nyumba hii na hakuwahi kuacha kupaka nta, lakini karibu na kizingiti saruji ina mikwaruzo minne, ya siku ile ya kwanza kabla ya koleo kumaliza kazi. Ngalula aliweka vidole vyake vinne ndani ya mikwaruzo ile, vikaenea. Kisha akasogea pembeni, akaniachia nafasi ya kukaa.